Si Konokono Tu

Neno "tu" ni miongoni mwa maneno madogo kabisa katika lugha yetu. Halina ngeli, halinyambuliki, na sisi watunzi wa mashairi hulipenda kwa kuwa hutujazia mizani pale pumzi inapotupungukia. Mwezi uliopita liliniponyoka katika sentensi ya maneno manne, nami nikakesha nikilijutia.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Ni konokono tu, msihofu."

Binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu, ameishi Maskati kwa zaidi ya miaka ishirini. Sebuleni kwake ana tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake mna mawe, matumbawe machache, samaki sita na mchanga mweupe wa kina cha vidole vitatu. Usiku ule, baada ya sala ya isha, alinitumia picha na ujumbe: "Kaka, wewe ndiye mtu wa maneno. Huyu ni nani?" Katika picha sikuona kiumbe. Niliona mchanga, na katikati ya mchanga mrija mwembamba umesimama, mfano wa mkonga wa tembo aliyezikwa akabakishwa pua.

Akaeleza zaidi. Miezi miwili iliyopita alinunua dukani mchanga na mawe mapya, na tangu hapo mchanga umekuwa na wenyewe. Akitupa kipande cha kamba, mchanga huchemka na vikonokono vikatoka mbio. Tena kila kukicha huona njia pana imepita juu ya mchanga kama iliyoburutwa kwa kidole gumba, na mwenye njia haonekani. Kombe wadogo watano aliowanunua pamoja na mchanga ule, wawili wamekwisha kuwa magamba matupu. Mwisho akaongeza, kama jambo la kuchekesha, kwamba binti yake wa miaka sita ndiye anayelisha samaki kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, na kwamba mtoto huyo hapendi kuuona mchanga umechorwachorwa. Hutia mkono akausawazisha.

Nami, mtu wa maneno, nikajibu kwa yale maneno manne, nikaiweka simu chini.

Shangazi alikuwa ameketi mkekani anasuka ukili. Akaniuliza mwanawe kasema nini, nikamsomea yote, pamoja na jibu langu. Mikono yake ikasimama.

"Konokono gani?"

"Wa baharini, Shangazi."

"Bahari ina konokono mmoja, mwanangu?"

Akaomba miwani yake na simu, akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza maswali matatu, moja baada ya jingine, bila kungoja jibu: njia yake ikoje, mdomo wake ukoje, na mlango wake ukoje. Sikuweza kujibu hata moja. Ndipo aliponyoosha kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole nilichokiona maisha yangu yote bila kukiuliza habari.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili au zaidi kidogo. Maji yalikuwa ya bamvu, yamekupwa mpaka mbali, naye alifuatana na mama yake kuokota kombe. Katika mchanga aliona gamba zuri kuliko yote aliyopata kuyaona, umbo lake kama pia ya kuchezea watoto, limechorwa mistari ya kahawia kama nguo iliyofumwa. Akaliokota, akalifunga katika pindo la kanga. Alipolishika tena ili awaonyeshe wenzake, alichomwa kwenye gumba kama aliyeumwa na nyuki. Kabla ya magharibi mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Ganzi ilimtoka siku ya tatu. Tangu siku hiyo nyumbani kwao hawakumtaja kiumbe yule ila kwa kusema "mwenye mdomo mwembamba", kama watu wanavyoepuka kumtaja nyoka usiku.

"Naye hujifukia mchangani," akasema. "Naye hutoa mkonga kama huu. Kwa picha hii mie siwezi kukwambia kuwa siye."

Nikaichukua simu. Kwetu ilikuwa saa nne usiku, Maskati saa tano. Nikapiga mara ya kwanza, ya pili na ya tano, haikupokewa. Nikaandika: mtoto asitie mkono katika mchanga mpaka tuzungumze. Ujumbe ukaenda, lakini haukusomwa. Jibu langu la kwanza, lile la maneno manne, lilikuwa limesomwa.

Katika saa zile za kungoja nilifanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kujibu: nilisoma. Konokono wa umbo la pia huitwa na wataalamu Conus. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeviorodhesha viumbe kwa majina ya Kilatini mwaka 1758, aliwapa wawili kati yao majina ambayo mshairi angeyaonea wivu. Mmoja alimwita geographus, kwa kuwa madoa ya gamba lake yanafanana na ramani, na mwingine textile, kwa kuwa gamba lake ni mfano wa nguo iliyofumwa. Wote wawili wanaishi katika Bahari ya Hindi, na mwambao wetu ni kwao. Konokono hawa ni wawindaji. Jino lao limegeuka kuwa chusa, jembamba na lenye uwazi ndani, na humchoma nalo windo na kulipenyezea sumu. Wengine huwinda minyoo, wengine konokono wenzao, na wengine samaki. Anayeogopwa zaidi ni geographus, mla samaki, ambaye amekwisha kuua watu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini. Aliyechomwa hutulizwa, kiungo chake hufungwa kisitikisike, na hupelekwa hospitali haraka ili asaidiwe kupumua mpaka sumu iishe nguvu.

Nilisoma pia jambo lililonipa tafakuri. Kutokana na sumu ya jamaa yao mmoja, Conus magus, wataalamu wamepata dawa ya maumivu makali yanayoshinda dawa nyingine. Inaitwa zikonotaidi, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2004. Kiumbe ambaye kwetu hatajwi jina, huko amechunguzwa mpaka sumu yake imekuwa tiba.

Simu ililia alfajiri, muadhini hajamaliza. Mtoto alikuwa bado amelala. Nilimpa Shangazi simu kabla sijasema lolote, na kilichofuata nilikiandika katika daftari, kwa kuwa katika miaka yote ya kukusanya maneno ya pwani sikuwa nimepata darsa kama lile.

Alianza na wale wa mkonga. Hakuuliza rangi. Aliuliza: "Chakula kikishuka, wao hutoka wa kwanza au hungoja?" Hutoka wa kwanza, mama. "Huja moja kwa moja, au hutangatanga?" Huja mkonga umetangulia, unapepesa huku na huku, kisha huja moja kwa moja. "Wakubwa kama nini?" Kama punje ya haragwe, na kilele kimechongoka. "Pachika simu kwenye kioo, nione mdomo." Mdomo wa gamba ulikuwa wa mviringo, na kwenye ukingo wake mna kijipengo unapotokea mrija. Shangazi akavuta pumzi. "Hao ni wala mizoga. Samaki aliyetupwa pwani hawamkosi. Hao wanakusafishia nyumba, waache."

Hao wanaitwa Nassarius. Ndugu msomaji, wewe unayependa asili za maneno, fahamu kuwa jina hilo limetokana na nassa, neno la Kilatini lenye maana ya mtego wa samaki uliosukwa, wenye shingo nyembamba. Yaani dema. Aliyelitunga jina hilo aliliona gamba dogo lenye mistari ya kukatana, akakumbuka kitu ambacho mvuvi yeyote wa Pemba hukisuka mbele ya nyumba yake. Mrija wenyewe ni pua yao: huvuta maji na kunusa. Wakilala chini ya mchanga wakabakisha mrija juu, huwa wanakaa macho kwa pua.

Kisha Shangazi akageukia mwenye njia pana. Hapa sauti yake ilibadilika, na aliulizia maiti kabla ya kumwulizia muuaji. "Gamba tupu la kombe unalo?" Analo. "Lina tobo?" Lina tobo moja, dogo, la mviringo, karibu na kichwa. "Kingo za tobo zimesimama kama tobo la msumari, au zimeinama kama bakuli?" Binamu yangu alinyamaza akilitazama. Zimeinama, akasema. Pana kwa nje, finyu kwa ndani.

"Basi ni duara," akasema Shangazi. "Mlete."

Alimwelekeza afuate njia hadi inapoishia, maana mwenye njia hulala mwishoni mwake. Asitumie mkono, atumie kijiko cha mpini mrefu, na achote kwa chini pamoja na mchanga wote. Tulisikia maji yakikorogwa. Kisha picha ikaja: gamba la mviringo, jeupe, laini kama yai lililomenywa, na nyama pana iliyotandazwa pande zote kiasi cha kulifunika gamba nusu. Alipoligusa kwa kijiko nyama ikaingia ndani yote, na mlango ukajifunga. Mdomo wake ulikuwa wa nusu mwezi.

Wataalamu humweka katika jamaa ya Naticidae. Humkumbatia kombe kwa mguu wake mpana, hulainisha gamba kwa majimaji makali na kulikereza kwa ulimi wenye meno, mpaka apate tobo la kulia. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Kosa lake ni kuwala kombe wa tangi, na hilo binamu yangu alikwisha kuliona.

Kwa hiyo hakuwamo mwenye mdomo mwembamba. Nilitaka kucheka kwa faraja, lakini Shangazi hakucheka. Alimwambia mwanawe maneno mawili: "Hawa wawili." Kisha akanyamaza, na binamu yangu akafahamu. Wawili wamejulikana, na mchanga ni mwingi. Mjukuu wake asitie mkono, awe na kijiko chake.

Siku tatu baadaye lilikuwa bamvu la mwezi kumi na tano. Saa nne asubuhi bahari yetu ya Micheweni ilikuwa imekupwa, na Shangazi, ambaye magoti yake yanamuuma, aliamua kushuka nami pwani. Alisema maneno ya simu hayatoshi. Nilichukua daftari, yeye alichukua ndoo na kijiti.

Nimezaliwa karibu na pwani ile, na nilidhani nimeiona. Siku hiyo nilijifunza kuwa nilikuwa nimeitazama bahari na kuukanyaga mchanga. Shangazi alinionyesha njia. Njia nyembamba iliyopindapinda kama uzi uliotupwa ni ya mmoja; njia pana yenye kingo zilizoinuka ni ya yule duara. Vishimo vilivyopishana, kama mtu aliyechoma kijiti akaruka, akachoma tena, ni vya konokono asiyetambaa bali hujirusha, kwa kuwa mlango wake umegeuka kuwa ukucha, naye huukita mchangani na kujisukuma. Aliokota mmoja, akaniambia ningoje. Baada ya muda macho mawili yakatoka juu ya vijiti vyake, yakatutazama. Mgeni aliyetuvamia alikuwa sisi.

Tulikuta pia kitu kama mkanda wa mchanga uliopindwa mfano wa ukosi wa kanzu. Utotoni tulikuwa tukivipiga mateke, tukidhani ni takataka. Shangazi akaniambia ni mayai ya yule duara: huyachanganya na mchanga na ute, akauviringisha mkanda huo kwa kuufuatisha gamba lake. Nimevunja mikanda mingapi maishani mwangu?

Mwenye mdomo mwembamba tulimkuta mmoja tu, chini ya jiwe alilolipindua Shangazi kwa kijiti na kulirudisha vilevile lilivyokuwa. Alinionyesha mdomo kwa mbali: ufa mwembamba, ulionyooka, unaoanzia karibu na upande mnene wa pia na kushuka hadi kwenye ncha. Nilimwuliza kama yule ni mwenye ramani au mwenye nguo. "Mie sijui, na sina haja," akajibu. "Wote hawashikwi."

Jawabu hilo nimelifikiria sana. Elimu ya vitabu inawatenga mwenye ramani na mwenye nguo, na kutenga huko kumeleta tiba. Elimu ya Shangazi inawaunganisha wote chini ya katazo moja, na kuunganisha huko kumehifadhi mikono ya watoto wa pwani. Daktari anayepokea mgonjwa anahitaji ile ya kwanza. Mtoto aliyesimama mbele ya tangi saa kumi na mbili na nusu asubuhi anahitaji ya pili. Mimi nilikuwa nimempa sentensi isiyo ya kwanza wala ya pili.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari langu la msamiati wa pwani. Nilihesabu vidahizo 23 ambavyo maelezo yake ni mamoja: "aina ya konokono wa baharini." Sikuwa wa kwanza. Kamusi zetu nyingi hufanya hivyo kwa samaki, ndege na miti. Msomaji hufungua ukurasa akiwa na neno asilolijua, na hufunga ukurasa akiwa na neno asilolijua na jamaa yake. Maneno "aina ya" ni ndugu wa "tu": yote mawili humruhusu mwandishi kuondoka kabla hajaulizwa swali.

Tena majina tunayo. Kete ni kauri mdogo, na jina lake limebaki kwenye bao hata pale tunapocheza kwa komwe. Dondo ni kauri mkubwa wa madoadoa. Simbi tunamjua, na tondo wa mikokoni anajulikana na kila aliyewahi kumchemsha. Waliopewa majina yanayojitegemea, nionavyo mimi, ni wale mkono wa mtu ulikuwa na kazi nao: kuliwa, kuchezewa, kupambia, kununulia. Kumbuka kuwa katika karne ya 19 kauri za mwambao wetu zilisafirishwa na wafanyabiashara wa Hamburg hadi Afrika Magharibi, zikatumika kama fedha. Wale wengine wa mchangani hawakuachwa bila elimu. Elimu yao imewekwa katika vitenzi: anayejirusha, anayekereza, anayenusa, asiyeshikwa. Nami nilikuwa nikienda pwani na daftari la kukusanyia nomino. Nilipoambiwa kitenzi, nilidhani mzee amesahau jina.

Binti wa Maskati alitaka kujua kwa nini amenyang'anywa mchanga wake. Baba yake akaniomba nimwandikie kitu anachoweza kukihifadhi kwa moyo, maana Kiswahili chake ni cha nyumbani na mashairi humkaa. Nilitunga ubeti mmoja:

Ukikuta mchangani, kiumbe usomjua,
Itazame njia chini, wapi alikopitia,
Mlango wa mdomoni, vipi amejifungia,
Maswali yatangulie, mkono hujautia.

Nimeambiwa ameubandika kwenye kioo cha tangi, na kwamba humsomea kila mgeni, hata wasiojua Kiswahili. Yule duara amehamishiwa chombo chake peke yake, ambako hupewa kombe mmoja kila baada ya siku kadhaa. Kijiko kina utepe mwekundu.

Nami nimeanza kuviandika upya vile vidahizo 23. Cha kwanza kinasomeka hivi: "Konokono wa mchangani mwenye gamba la mviringo, laini, na mdomo wa nusu mwezi. Hutembea chini ya mchanga usiku na kuacha njia pana yenye kingo. Hukereza magamba ya kombe. Tobo lake limeinama kama bakuli. Hutaga katika mkanda wa mchanga mfano wa ukosi. Hana sumu kwa mtu." Nilimsomea Shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimesahau kuandika kuwa mkanda ule ukiwa bado unyevu, mayai yamo, na kwamba watu wasiukanyage.

Nimeongeza. Vimebaki 22, na bamvu lijalo, akijaaliwa magoti yake, tutashuka tena.